Picha ya Ubongo na Maswali ya Kilimanjaro

Katika viungo vyote vya mwili wa mwanadamu hakuna kilichofichika kuliko ubongo. Moyo hudunda, na mkono ukiwekwa kifuani huusikia. Mapafu hupanda na kushuka, na jicho huyaona. Ubongo peke yake umekaa kimya ndani ya fuvu, hauonekani wala hausikiki, ilhali ndio unaoviamuru vyote hivyo. Uzito wake ni kama sehemu 2 tu katika kila 100 za uzito wa mwili, lakini hula karibu sehemu 20 katika kila 100 za nguvu ambazo mwili hutumia wakati wa mapumziko. Mwenyewe akilala, ubongo haulali.

Kitu kilichofichika huzaa dhana. Kwa karne nyingi mtu alipoanguka kifafa, au alipopooza ghafla upande mmoja wa mwili, au mzee alipoanza kuwasahau watoto wake mwenyewe, watu walitafuta sababu nje ya mwili: jirani mwenye kijicho, mizimu iliyokasirika, laana ya ukoo. Si Waafrika peke yao waliofanya hivyo. Huko Ulaya nako wenye kifafa walidhaniwa kwa muda mrefu kuwa wamepagawa na mashetani. Hata mabingwa wa udaktari hawakuwa na njia ila kungoja mauti. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa hawezi kutamka ila silabi moja, ingawa aliyafahamu aliyoambiwa. Mgonjwa huyo alipofariki, Broca aliutazama ubongo wake, akakuta umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Hivyo ndivyo elimu ya ubongo ilivyopatikana zamani: kwanza mgonjwa afe, ndipo daktari ajue.

Leo mambo yamebadilika. Ubongo wa mtu aliye hai, anayesema na kufikiri, waweza kupigwa picha bila fuvu kuguswa. Elimu hiyo imefika pia chini ya Mlima Kilimanjaro, katika hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi, na tafiti kadhaa za maradhi ya ubongo zimefanywa katika vijiji vya Wilaya ya Hai. Kwa hiyo si jambo la mbali tena. Ni jambo linalomhusu mkulima wa Machame, mchukuzi wa mizigo wa Marangu na mama wa Kahe mwenye mtoto mwenye homa.

Lakini kila chombo kipya huja na hatari ya kuabudiwa. Wapo wanaodhani kwamba ukisha kuupiga ubongo picha, umekwisha kuujua. Na kwamba mwenye mtambo mkubwa ndiye mwenye ukweli wote. La hasha. Picha ya ubongo ni shahidi mwaminifu, lakini ni shahidi ambaye hujibu swali aliloulizwa tu. Swali likiwa bovu, jibu halitafaa, hata mtambo uwe wa bei gani. Na maswali yaliyo mazuri kuliko yote hutoka katika maisha ya watu wenyewe. Hilo ndilo jambo la kuzingatia, na mifano ya Kilimanjaro na ya nchi jirani inatosha kulithibitisha.

JINSI PICHA INAVYOPATIKANA

Eksirei ya kawaida, iliyogunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895, huonyesha mfupa vizuri. Lakini ubongo ni kitu laini kilichozungukwa na mfupa, kwa hiyo katika eksirei hauonekani. Tatizo hilo lilitatuliwa kwa hesabu. Badala ya kupitisha mionzi kutoka upande mmoja, mtambo huipitisha kutoka pande nyingi kuzunguka kichwa, kisha kompyuta hukokotoa kila sehemu ya ndani imezuia mionzi kwa kiasi gani. Matokeo yake ni picha za tabaka kwa tabaka, mithili ya mkate uliokatwa vipande, kila kipande kikaonyesha kilichomo ndani yake. Huo ndio mtambo wa CT.

Wananchi wa Afrika wanapaswa kujua kwamba sehemu ya hesabu hizo ilianzia katika bara hili. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria jambo hilo mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyeunda mtambo wenyewe, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo mjini London tarehe 1 Oktoba 1971. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. KCMC ilifunguliwa mwezi Machi 1971. Yaani hospitali ya Moshi ilikuwa imekwisha kupokea wagonjwa kwa miezi kadhaa kabla mtu yeyote duniani hajapigwa picha ya namna hiyo. Elimu hii, basi, si ya kale. Umri wake ni umri wa mtu mzima mmoja.

Mtambo wa pili ni wa MRI. Huu hautumii mionzi ya eksirei bali hutumia sumaku yenye nguvu pamoja na mawimbi ya redio. Mwili wa binadamu umejaa maji, na ndani ya maji mna haidrojeni, ambayo hujipanga mbele ya sumaku na kurudisha mawimbi inapochokozwa. Kompyuta huyapokea mawimbi hayo na kuyageuza kuwa picha. Kwa kuwa maji hayakai kwa namna moja katika kila sehemu ya ubongo, MRI huonyesha mambo ambayo CT haiyaoni vizuri.

Mnamo mwaka 1990 Mjapani Seiji Ogawa alionyesha jambo la ajabu zaidi. Damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa na oksijeni hazifanani mbele ya sumaku. Kwa hiyo MRI yaweza kuonyesha si umbo la ubongo tu, bali pia ni sehemu ipi inayoletewa damu zaidi mtu anapotazama sura, anaposikiliza maneno au anapokumbuka jambo. Kutokana na hapo zikazaliwa zile picha zenye madoa mekundu na manjano ambazo huonekana magazetini, zikiambiwa kwamba hapa ndipo penye hofu, na pale ndipo penye mapenzi.

MFEREJI NA KIHAMBA

Je, madoa hayo ni mawazo yenyewe? Mtu wa Kilimanjaro anaweza kulijibu swali hilo kwa mfano wa nyumbani. Kwa vizazi vingi Wachagga wamechimba mifereji iletayo maji kutoka juu mlimani hadi vihambani. Mtu akisimama juu ya kilima akaona maji yamefunguliwa kuelekea kihamba fulani, atajua kwamba hapo pana kazi. Lakini hataweza kujua, kwa kuyatazama maji tu, kama mwenye kihamba ananywesha migomba au kahawa, wala kama moyoni ana furaha au ana huzuni. Tena maji huchelewa: jembe laweza kuwa limekwisha kuwekwa chini wakati maji ndiyo kwanza yanafika.

Ndivyo ilivyo kwa damu ya ubongo. Seli za neva hufanya kazi kwa kasi ya sehemu za elfu za sekunde, lakini damu inayoletwa kwa ajili ya kazi hiyo hufikia kilele chake baada ya sekunde tano hivi. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, na nukta moja ndogo katika picha hukusanya mamia ya maelfu ya seli hizo pamoja. Picha huonyesha mahali na huonyesha damu. Haionyeshi wazo.

Uzembe wa hesabu nao waweza kuzaa kioja. Mwaka 2009 mtaalamu wa Marekani, Craig Bennett, na wenzake walitangaza kwamba walimweka samaki aliyekufa ndani ya mtambo wa MRI, wakamwonyesha picha za watu, kana kwamba angeweza kuzitazama. Kompyuta, ilipoachwa ikokotoe bila kusahihishwa, ilitoa madoa ndani ya kichwa cha samaki huyo. Hawakuwa na nia ya kusema kwamba samaki mfu hufikiri. Nia yao ilikuwa kuwakumbusha wenzao kwamba anayetafuta katika maelfu ya nukta bila hadhari atapata kitu, hata pale pasipo na kitu.

KIFAFA NA CHOO

Baada ya kuyafahamu mapungufu hayo, sasa yatazamwe manufaa, nayo ni makubwa. Mfano wa kwanza ni kifafa. Mwaka 2009 watafiti walihesabu watoto wenye kifafa katika Wilaya ya Hai. Katika watoto zaidi ya 38,000 wenye umri wa miaka 6 hadi 14, walipatikana 112 wenye kifafa kilicho hai, yaani karibu watoto 3 katika kila 1,000. Historia za watoto hao zilipolinganishwa na za watoto wasio na kifafa, ilionekana kwamba matatizo ya wakati wa kuzaliwa yalihusiana sana na ugonjwa huo. Mtoto aliyechelewa kulia, mtoto aliyekosa hewa wakati wa uchungu mrefu wa mama yake, alikuwa katika hatari zaidi. Hapo mchawi hakuonekana. Kilichoonekana ni umuhimu wa mkunga aliyefunzwa na wa barabara inayopitika usiku.

Mfano unaofanana na huo umetoka Haydom, katika Mkoa wa Manyara. Huko daktari Andrea Winkler na wenzake waliwapiga picha za CT wagonjwa wa kifafa 212, na matokeo yakatolewa mwaka 2009. Karibu wagonjwa 18 katika kila 100 walikutwa na alama ubongoni zilizoonyesha kuwa wameingiliwa na viluwiluwi vya tegu wa nguruwe. Mzunguko wa mdudu huyu unastahili kueleweka na kila mwananchi. Mtu anayekula nyama ya nguruwe mwenye ugonjwa huo, isiyoiva barabara, hupata tegu tumboni. Tegu huyo hutoa mayai, nayo hutoka na kinyesi. Mahali pasipo na choo, au ambapo mikono haioshwi, mayai hayo huingia katika chakula na maji. Na yeyote atakayeyameza, hata asiyegusa nyama ya nguruwe maishani mwake, aweza kupata viluwiluwi ubongoni.

Basi tazama jinsi swali zuri linavyokwenda mbali. Picha ilipigwa kichwani, lakini jibu lake liko chooni, bandani na jikoni. Ufugaji wa nguruwe umeenea pia katika mitelemko ya Kilimanjaro, na nyama yake hupendwa mijini na vijijini. Haisaidii kitu kumpiga mgonjwa mmoja picha nzuri kwa gharama kubwa, kisha nguruwe wa kijiji wakaachwa wakizurura penye vinyesi vya watu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu robo tatu ya wenye kifafa katika nchi zenye kipato cha chini hawapati matibabu wanayohitaji, ingawa hadi wagonjwa 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Wengi wa hao hawakukosa mtambo. Walikosa vidonge, na walikosa jirani wa kuwaambia kwamba ugonjwa wao una dawa, na kwamba mate ya mtu aliyeanguka hayaambukizi kifafa.

KIHARUSI HAKINGOJI

Mfano wa pili ni kiharusi. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006, watafiti walifuatilia wakazi wapatao 160,000 wa Hai na wapatao 56,000 wa Dar es Salaam ili kujua ni wangapi wanaopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza. Hesabu ziliposawazishwa kwa umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam kama 316. Hesabu hizo zilizima ile dhana ya zamani kwamba kiharusi ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri. Mzizi wake mkubwa ni shinikizo la damu, ambalo mtu huweza kukaa nalo miaka mingi bila kuumwa hata kidole.

Hapa mtambo wa CT una kazi ambayo macho ya daktari hayawezi kuifanya. Kiharusi ni cha namna mbili. Cha kwanza hutokea mshipa wa damu unapoziba, na sehemu ya ubongo ikakosa chakula. Cha pili hutokea mshipa unapopasuka, na damu ikavuja ndani ya ubongo. Kwa nje wagonjwa hawa wawili waweza kufanana kama pacha: mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki. Lakini dawa inayomsaidia wa kwanza kwa kuifanya damu isigande yaweza kumdhuru wa pili. Picha ndiyo inayowatenga.

Hata hivyo picha haina miguu ya kumfuata mgonjwa mlimani. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu kiharusi kianze, na imekadiriwa kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza seli za neva kama milioni 1.9 kila dakika. Mzee akipooza jioni katika kijiji cha juu, kisha ukoo ukakaa kikao kuulizana nani kamroga, na asubuhi ikatafutwa gari la kumteremsha, mtambo ulioko Moshi utaonyesha tu ukubwa wa hasara iliyokwisha kutokea. Mashine ya kupima shinikizo la damu katika zahanati ya kijiji, ikitumiwa kila mwezi, itaokoa bongo nyingi kuliko picha zitakazopigwa baadaye. Picha ina mahali pake; lakini mahali pake si pa kwanza.

MTOTO MWENYE HOMA, NA MPAGAZI WA KIBO

Upande wa chini wa Moshi, kwenye mashamba ya mpunga na ya miwa, adui wa ubongo wa mtoto ni malaria. Mtoto hushikwa na homa, kisha degedege, kisha hupoteza fahamu. Kwa miaka mingi madaktari hawakuelewa ni kwa nini baadhi ya watoto walikufa hata baada ya kupewa dawa iliyowaua vijidudu. Jibu lilianza kupatikana Blantyre, Malawi, ambako daktari Terrie Taylor na wenzake walitumia mtambo wa MRI. Katika taarifa yao ya mwaka 2015, watoto 168 wenye malaria ya ubongo walipigwa picha, na 25 kati yao wakafariki. Katika hao 25, watoto 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo tangu walipofika hospitali. Ubongo uliovimba hauna pa kwenda, kwa sababu fuvu halitanuki. Hujisukuma chini na kuikandamiza sehemu inayoamuru kupumua. Kwa wale waliopona, uvimbe huo ulipungua katika siku chache.

Maana ya jambo hili ni kubwa. Picha haikuleta dawa mpya siku hiyo. Ililibadilisha swali. Badala ya kuuliza tu jinsi ya kuwaua vijidudu, madaktari wakaanza kuuliza pia jinsi ya kumsaidia mtoto kupumua mpaka uvimbe ushuke. Swali hilo lilizaliwa katika hospitali ya Kiafrika, kitandani pa mtoto wa Kiafrika, na lisingaliweza kuzaliwa mahali pasipo na malaria.

Juu kabisa ya mlima nako pana ubongo unaovimba, kwa sababu nyingine. Kilele cha Kibo kina urefu wa mita 5,895, na huko hewa humpa mtu karibu nusu tu ya oksijeni anayoipata pwani. Wageni wanaopanda kwa haraka, na hata wapagazi na waongozaji, huweza kupatwa na uvimbe wa ubongo. Mwaka 1998 Peter Hackett na wenzake walitoa taarifa ya watu tisa wa nchi nyingine waliopatwa na ugonjwa huo wakapigwa picha za MRI. Saba kati yao walionekana kuwa na maji yaliyozidi katika sehemu nyeupe ya ubongo, hasa katika daraja linaloziunga nusu mbili za ubongo. Na waliopigwa picha tena baada ya kupona walionekana kuwa maji hayo yameondoka.

Elimu hiyo ina thamani, lakini hakuna mtambo wa MRI kwenye kambi za mlimani, wala hauhitajiki. Mwongozaji mzoefu akimwona mtu anayumba kama mlevi, anasema ovyo na hawezi kutembea juu ya mstari ulionyooka, anajua la kufanya: kumteremsha mara moja, hata iwe usiku wa manane. Kuteremka hakungoji picha. Elimu iliyopatikana kwa mtambo mkubwa imefaa pale ilipogeuzwa kuwa kanuni ambayo mpagazi aweza kuitumia kwa macho yake. Na mpagazi naye ana ubongo. Kanuni inayomlinda mgeni hapana budi imlinde na yeye aliyembebea mzigo.

WAZEE WA HAI NA NJITI ZA KIBERITI

Mfano wa mwisho ndio unaofundisha zaidi. Watafiti waliokwenda katika vijiji sita vya Hai kuwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuta kwamba, hesabu zikisawazishwa kwa umri, zaidi kidogo ya 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Wengi wanapoambiwa habari hiyo hudhani kwamba ugonjwa huo hugunduliwa kwa picha. Sivyo. Ubongo wa mzee hunyauka kiasi kwa sababu ya umri tu, na wapo wazee ambao ubongo wao umenyauka lakini bado wanasuluhisha kesi za ukoo bila kukosea. Picha peke yake haiwezi kusema nani mgonjwa. Hapana budi mzee aulizwe.

Lakini aulizwe nini? Vipimo vingi vya akili vilitungwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya watu waliosoma. Humtaka mtu achore saa, anakili maumbo kwa kalamu, au aandike sentensi. Bibi ambaye hakupelekwa shule hata siku moja, lakini amelima kihamba, amelea watoto na kujua bei ya ndizi katika kila soko, atashindwa vipimo hivyo, na ataandikwa kuwa akili yake imepungua. Hapo aliyeshindwa si bibi. Ni kipimo.

Kwa hiyo watafiti waliofanya kazi Hai walitengeneza kipimo kingine. Mzee huulizwa daraja ni kitu gani. Huulizwa jina la kiongozi wa mahali pake. Hutakiwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, na akumbuke maneno aliyotajiwa. Na badala ya kuchora kwa kalamu, hupewa njiti za kiberiti azipange kama alivyoonyeshwa, kwa njia iliyokuwa imejaribiwa kwanza nchini Nigeria. Njiti chache za kiberiti, zilizo mkononi mwa mtu aliyefunzwa kuzitumia, hujibu swali ambalo mtambo wa mamilioni ya shilingi hauwezi kulijibu peke yake. Picha huja baadaye, kuonyesha kama kuna damu iliyovuja, uvimbe au kiharusi cha zamani. Vyote viwili vyahitajika, lakini kila kimoja kwa zamu yake.

NANI ATAULIZA?

Yapo maandishi mengi duniani yanayotangaza kwamba ubongo wa binadamu hufanya hivi au vile. Msomaji makini atauliza: binadamu yupi? Uchambuzi wa majarida makubwa ya saikolojia uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watu 96 katika kila 100 waliochunguzwa walitoka katika nchi tajiri za Magharibi, ambazo zina watu 12 tu katika kila 100 wa dunia. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Ubongo wa mtoto wa Kibosho anayesema Kichagga kwa bibi yake, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani. Ubongo wa mzee anayekumbuka nasaba na mipaka ya vihamba bila karatasi. Ubongo wa mtu aliyeugua malaria mara nyingi utotoni: hizo zote ni bongo za binadamu, na elimu isiyozijua haistahili bado kuitwa elimu ya ubongo wa binadamu. Ni elimu ya nusu.

Pengo hilo halitazibwa kwa kungoja wageni waje na mitambo, wapige picha, waondoke nazo. Dalili njema zipo. Tangu mwaka 2020 imekuwapo mitambo midogo ya MRI yenye sumaku hafifu, iwezayo kusukumwa kwa magurudumu mpaka kitandani pa mgonjwa. Picha zake si kali kama za mitambo mikubwa, lakini hautaki chumba maalumu. Na huko Mbarara, Uganda, wataalamu wa chuo kikuu wakishirikiana na wenzao wa Leiden, Uholanzi, waliunganisha wenyewe mtambo wa namna hiyo kutoka vipande vyake. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2023. Anayejua kuunganisha mtambo anajua pia kuutengeneza unapoharibika. Huo ndio msingi wa kujitegemea katika sayansi, kwani mtambo wa msaada usio na fundi wa karibu hugeuka kuwa sanduku la chuma mara tu unapoharibika.

Lakini kuliko mtambo na kuliko fundi, linalotakiwa ni imani kati ya mtafiti na mwananchi. Wazee wa Hai waliokubali kukaa mchana kutwa wakijibu maswali, na akina mama waliokubali kueleza jinsi watoto wao walivyozaliwa, wametoa mchango katika sayansi ulio sawa na wa mwenye shahada. Wana haki ya kurudishiwa majibu kwa lugha wanayoielewa. Picha ya ubongo wa mtu ni siri yake. Isipigwe bila ridhaa yake, wala isionyeshwe kwa asiyehusika. Na yeyote atakayedai kwamba kwa picha hiyo anaweza kusoma uongo, wizi au mapenzi ya mtu, aulizwe kwanza maji ya mfereji yanajuaje kilichopandwa.

Ndugu wananchi, maradhi yalihesabiwa zamani kuwa miongoni mwa maadui watatu wa taifa, pamoja na ujinga na umaskini. Katika maradhi ya ubongo maadui hao watatu hutembea pamoja: ugonjwa humwangusha mtu, ujinga humwita aliyerogwa, na umaskini humchelewesha njiani. Picha ya ubongo yaweza kumshinda mmoja wao kwa sehemu. Kwa hao wengine zinatakiwa barabara, vyoo, vidonge, walimu, na watu wasioona haya kuuliza. Vijana wa Kilimanjaro wanaosomea udaktari, fizikia na hesabu wana kazi mbele yao: kujifunza mitambo hiyo barabara, kisha kupanda vijijini kusikiliza ni maswali gani yanayongoja majibu.